NDEGE TUNAZO, MAFUNDI NA WAKAGUZI JE?

Kila ndege mpya inapotua Dar es Salaam hurushiwa maji na magari ya zimamoto, ngoma hulia, na viongozi hupanda ngazi kwenda kuitazama ndani. Hatuna neno la kuilaumu furaha hiyo. Mwaka 2016 shirika letu la taifa lilikuwa limebakiwa na ndege moja tu yenye kuruka. Kufikia mwaka 2024 lilikuwa na ndege 16, kuanzia zile za mapanga ziendazo Songea na Mpanda hadi Dreamliner zivukazo bahari. Taifa lililoona mageuzi ya namna hiyo katika miaka minane lina haki ya kupiga ngoma. Lakini furaha ya kuipokea ndege ni ya siku moja, nayo ndege yaweza kutumika miaka ishirini hata thelathini. Leo twataka kusema na wasomaji wetu, na hasa wafanyakazi, juu ya miaka hiyo.

Neno letu ni hili. Ndege peke yake haifanyi usafiri wa anga. Usafiri wa anga hufanywa na fundi anayetia saini yake kwamba ndege hii yafaa kuruka, na mkaguzi asiyemwogopa mtu ambaye humkagua fundi huyo pamoja na tajiri yake. Watu wa namna hizo mbili nchi yetu haina wa kutosha. Serikali haiwezi kuwapata peke yake, kwa sababu fundi hafundishwi darasani tu bali hufundishwa chini ya bawa la ndege, na ndege nyingine ziko mikononi mwa makampuni. Wala makampuni hayawezi kuwapata peke yao, kwa sababu mafunzo ni ya miaka mingi na faida hutazamwa kila mwaka. Kwa hiyo ushirikiano wa Serikali na wenye ndege, ambao kila mkutano huutaja na kila hotuba huusifu, hatuna budi kuupima kwa kipimo kimoja: umezaa mafundi wangapi, na wakaguzi wangapi?

Tarehe 13 Desemba 2024 wakuu wa Umoja wa Ulaya waliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya nchi zao. Mwezi Juni 2025 wakaongeza mashirika yote yaliyopewa hati ya kuruka na nchi yetu, makubwa kwa madogo, ya umma na ya watu binafsi. Wapo waliosema papo hapo kwamba hizo ni hila za wakubwa wasiopenda kumwona mdogo akiinuka. Sisi hatukuzaliwa jana, na twajua kwamba wakubwa wana hila zao. Lakini yafaa mtu aisome barua kabla ya kuichana. Waliyoyaandika ni mambo matatu: kwamba wataalamu wenye sifa ni wachache, kwamba usimamizi wa uendeshaji wa ndege na wa ustahiki wake wa kuruka haukazi, na kwamba masharti ya kimataifa ya usalama hayatimizwi. Tazama vizuri lawama hiyo inamwangukia nani. Mwezi Desemba lilitajwa shirika moja. Mwezi Juni aliyelaumiwa ni msimamizi, na kwa ajili ya msimamizi wote wakafungwa kamba moja, kampuni inayozitunza ndege zake kama mboni ya jicho pamoja na ile isiyozitunza.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtoto aadhibiwe kwa kosa la mlezi. Sababu ni ya zamani. Katika mapatano yaliyofanywa Chicago mwaka 1944, ambayo ndiyo msingi wa sheria ya anga duniani kote, kila dola ilikubali kuwajibika kwa ndege zilizoandikishwa kwake. Ndege yetu ikipita juu ya Misri au Ugiriki na alama yake ya 5H ubavuni, hakuna askari wa huko anayeisimamisha angani kuikagua kama lori barabarani. Wenyeji huiamini saini ya Tanzania. Saini ikitiliwa shaka, hakuna ndege yenye saini hiyo inayosalimika, hata ikiwa imetoka kiwandani jana.

Na madhara yake si ya wakubwa tu. Watalii kutoka nchi za nje waliofika mwaka 2024 walipita milioni mbili, na wengi wao hutoka Ulaya. Mtalii anaweza kuja Kilimanjaro au Zanzibar kwa ndege ya kigeni, lakini kutoka hapo kwenda Seronera, Mafia au mbuga za kusini hupanda ndege ndogo za makampuni yetu. Wakala wa Ulaya anayeuza safari hiyo hana budi kumweleza mteja wake kwamba ndege atakayopanda imo katika orodha, na mwenye bima naye huinua kalamu. Safari ikivunjika, wa kwanza kukosa mkate si mkurugenzi. Ni dereva wa gari la mbugani, mpishi wa kambi, mpagazi wa mlimani na mama auzaye mboga kwa hoteli.

Kisha kuna habari ya mizigo, ambayo twaiona nzito kuliko ile ya abiria ingawa husemwa kidogo. Kwa miaka mingi minofu ya samaki wa Mwanza, maua ya Arusha na parachichi za nyanda za juu kusini vimekuwa vikipanda malori kwenda kutafuta ndege au meli nje ya mipaka yetu, na hasa katika viwanja vya Nairobi na Entebbe. Lori hutumia muda, samaki hana subira, na ujira wa kupakia, kupima, kupoza na kuandika hati humwendea mfanyakazi wa mji mwingine. Ndiyo maana mwezi Juni 2023 ilipofika Boeing 767 ya mizigo, yenye uwezo wa kubeba tani 54, tuliona ni ununuzi wenye maana kupita mwingine wote. Lakini soko kubwa la minofu ile na maua yale ni Ulaya, na ndege iliyomo katika orodha haitui Ulaya. Itakwenda Bara Hindi, itakwenda Uarabuni, nako kuna biashara njema. Ila mlango mpana kuliko yote umefungwa, na haukufungwa kwa upungufu wa ndege.

Watu wa Afrika ya Mashariki walipata nafasi ya kulijua jambo hili mapema. Mwaka uleule wa 1946 mashirika mawili yalianza kuruka katika pande hizi za bara letu. La kwanza ni East African Airways, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilizokuwa chini ya Waingereza. La pili ni la Ethiopia, lililoundwa na serikali ya Haile Selassie kwa mkataba na kampuni ya Kimarekani ya TWA. Wahabeshi hawakuwa na marubani wala mafundi wa kuendesha kazi ile, walikodi Wamarekani. Lakini mkataba wao haukuwa wa kukodi tu, bali ulikuwa pia wa kufundishwa, na wakang'ang'ana nao. Ilichukua miaka 25 hata mwaka 1971 Mwethiopia wa kwanza akakalia kiti cha mkurugenzi mkuu. Tawala zikapinduliwa, vita vikapiganwa, njaa ikaja, nalo shirika likabaki mali ya dola mpaka leo. Na karakana zake za Addis Ababa hutengeneza ndege za mashirika mengine ya Afrika kwa malipo ya fedha za kigeni. Wale wanaotuambia kwamba mali ya umma haiwezi kuendesha ndege, wakaone huko. Na wale wanaofikiri kwamba yatosha iwe mali ya umma, nao wakaone huko vilevile.

Upande wetu makao makuu na karakana kuu zilikuwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua njia yake, nasi tukaunda Shirika la Ndege la Tanzania tarehe 11 Machi mwaka huo. Tulikuwa na bendera, tulikuwa na njia za kuruka, tulikuwa na watu hodari. Karakana kubwa ilibaki ng'ambo ya mpaka. Tangu hapo tumetafuta wenzi mara nyingi. Mwaka 1995 tuliingia katika Alliance Air pamoja na Uganda na Waafrika ya Kusini, ikafungwa mwaka 2000. Mwaka 2002 tuliwauzia shirika la Afrika ya Kusini asilimia 49 ya hisa, na mwaka 2006 Serikali ikazichukua tena. Hatutaki kuyafukua yote ya ndoa hizo. Twauliza jambo moja tu: wenzi walipoondoka, waliacha karakana gani, na mafundi wangapi wenye leseni ambao hawakuwapo walipokuja? Wazee walisema cha kuazima hakisitiri. Ushirikiano unaoleta ndege za kukodi na nembo mpya, kisha ukaondoka na ufunguo wa karakana, si ushirikiano.

Hapa yafaa tukumbuke siku moja ambayo nchi hii haikujivunia ilivyostahili. Mwezi Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliizuia Air Tanzania kuruka kwa sababu za usalama, mpaka ilipojirekebisha na kurudi angani mwezi uliofuata. Shirika la Serikali lilizuiwa na chombo cha Serikali. Wengi waliona aibu. Sisi twaona hiyo ndiyo kazi ya msimamizi. Watu wa Bukoba na wa Mbeya hawajali ndege ni ya nani, wao wataka kufika.

Ugumu wetu ni kwamba Serikali imevaa kofia nyingi kwa wakati mmoja. Ndiyo mwenye shirika, ndiyo mnunuzi wa ndege, ndiyo mwenye viwanja, ndiyo msimamizi wa usalama, na maofisa wake ni abiria wakubwa. Si dhambi, nchi nyingi zimo katika hali hiyo, na Ethiopia imo. Lakini kila kofia yataka kichwa chake. Mkaguzi anayefikiri kwamba kuizuia ndege fulani kutamletea simu kutoka juu, huyo si mkaguzi tena. Na mkaguzi mwenye elimu ileile aliyo nayo fundi mkuu wa kampuni, lakini mshahara wake ni mdogo kuliko wa fundi huyo, atakaa miaka miwili kisha atahamia kwa aliyekuwa akimkagua. Hapa hakuna siri ya kutafuta mbali. Ndani ya kila tiketi zimo ada na tozo ambazo abiria huzilipa kwa ajili ya viwanja na usalama. Basi sehemu ya fedha hizo iwekwe wazi kuwa ni ya mishahara na mafunzo ya wakaguzi, isiguswe kwa kazi nyingine, na makampuni yaonyeshwe hesabu yake kila mwaka maana wao ndio wakusanyaji. Kampuni ikijua kwamba fedha yake imeajiri mkaguzi mkali, itanung'unika. Lakini hati yake itaheshimiwa Frankfurt na Paris.

Kofia ya pili yenye matata ni ya mwenye mali. Tangu mwaka 2016 ndege zilinunuliwa na Serikali, zikawekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, nalo shirika likazikodi. Mpango huo ulikuwa na sababu zake, kwani shirika lilikuwa na madeni ya zamani. Hata hivyo tuliona mwezi Agosti 2019 ndege yetu aina ya Airbus ikizuiliwa Johannesburg kwa kesi ya mkulima aliyedai fidia ya mashamba yake, jambo lisilohusu ndege hata kidogo, mpaka mahakama ilipoiachia mwezi Septemba. Deni la dola huifuata mali ya dola popote itakapotua. Na hesabu za shirika lenyewe si za kufurahisha: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu aliripoti hasara ya shilingi bilioni 56.6 kwa mwaka wa fedha 2022/23, na bilioni 91.8 kwa mwaka 2023/24. Fedha hizo ni kodi ya mwananchi, wakiwamo wale ambao hawajapanda ndege hata mara moja. Tunayo haki ya kuuliza: ndege inapolala karakanani, je, kodi yake nayo hulala?

Swali hilo si la kubuni. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 ndege zetu za Airbus A220 zimepata kukaa chini kwa muda mrefu kwa sababu ya injini, zilizotengenezwa na Pratt & Whitney, ambazo vipuri vyake vilichakaa kabla ya wakati. Kosa halikuwa letu, na mashirika makubwa ya nchi nyingine yaliumia vilevile. Lakini karakana zinazoruhusiwa kuzifungua injini hizo ni chache duniani, na katika foleni ya kungoja, mwenye ndege mia husikilizwa kabla ya mwenye ndege nne. Funzo lake ni kwamba mkataba wa kununua ndege haupasi kuwa wa ndege tu. Injini za akiba, muda wa kungoja, fidia ya siku za kukaa bure, na nafasi za mafundi wetu kwenda kufundishwa kiwandani ni mambo ya kuandikwa kabla fedha haijatoka. Baada ya fedha kutoka, mnunuzi hugeuka mwombaji.

Hasara nyingine si hasara bali ni huduma. Ndege iendayo Mpanda au Kigoma haijai kila siku, na pengine haitajaa kwa miaka kadhaa. Lakini mgonjwa wa Kigoma ni Mtanzania. Kama Serikali inataka njia hiyo iwepo, na sisi twataka iwepo, basi itamke kiasi inacholipia na iliweke katika bajeti, tena iruhusu kampuni yoyote yenye hati safi kuiomba kazi hiyo kwa bei ndogo zaidi. Kuificha huduma ndani ya hasara ya shirika kunamwonea meneja aliye mwema na kumkinga aliye mbaya, maana wote wawili watasema ni Mpanda.

Twajua wako wenzetu wanaoyatazama makampuni ya watu binafsi kama wezi wa abiria wa shirika la taifa. Waliifurahia habari ya Fastjet kusimama mwaka 2018; na kweli wakati mwingine abiria walifurahia nauli zake kuliko wao walivyofurahia kufungwa kwake. Tusisahau. Katika miaka ambayo shirika la taifa lilikuwa kitandani, Precision Air na makampuni madogo ndiyo yaliyowapeleka watu Mwanza, Bukoba na Mtwara. Wamo mafundi wa Kitanzania ndani yake, wamo wanachama wa vyama vya wafanyakazi, wamo wanachama wenzetu. Ndege zao za ATR na ndege za taifa za Dash 8 si ndugu wa tumbo moja, lakini vifaa vingi vya karakana, maabara ya kupima vyuma, ghala la matairi na walimu vyaweza kutumika pamoja. Karakana ipo katika uwanja wa Kilimanjaro. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Mabibo na kinafundisha kazi za ndege. Kinachokosekana ni sharti linalobana: kila kampuni yenye hati ipokee wanagenzi kwa idadi inayolingana na ndege zake, iwalipe posho, iwape saa za kazi zinazohesabika kwa leseni, nayo Serikali ipunguze ushuru wa vipuri kwa kampuni itimizayo, na isimpunguzie asiyetimiza. Hapo kila mmoja ametoa na kila mmoja amepata.

Kuna pia jambo la Bukoba, ambalo hatuwezi kulipita. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na uwanja. Watu 19 walikufa. Waliofika wa kwanza kuokoa walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi na makasia yao. Taifa liliwashukuru wavuvi wale, na ilikuwa haki. Lakini uwanja ulio ukingoni mwa ziwa wapasa kuwa na mashua ya uokozi, wapiga mbizi na mazoezi ya kila mara. Na gharama hiyo haimhusu mwenye uwanja peke yake wala mwenye ndege peke yake. Hapa ndipo penye kupima ushirikiano, kuliko katika kumbi za mikutano. Jengo la tatu la abiria pale Dar es Salaam, lililofunguliwa Agosti 2019 kwa ajili ya abiria milioni sita kwa mwaka, ni zuri na twalisifu. Mashua moja ya Bukoba ingegharimu kiasi gani ukiilinganisha na vioo vyake?

Tumebakiwa na neno moja kwa wafanyakazi wenyewe, maana mpaka hapa tumesema na Serikali na matajiri. Fundi wa ndege hana kazi kubwa kuliko kukataa. Saa kumi na moja alfajiri, abiria wamekwisha kuingia ukumbini, meneja anatazama saa yake, na fundi ameona ufa mdogo asioupenda. Akitia saini, hakuna atakayejua. Akikataa, atajulikana kwa wote, na pengine mkataba wake wa miezi sita hautarudiwa. Katika hali ya namna hiyo kumwomba mtu awe shujaa kila alfajiri ni kumwonea. Mkataba wa kazi wa kila kampuni yenye ndege hapa nchini, ya umma au ya mtu binafsi, uwe na kifungu kinachosema kwamba fundi au rubani aliyekataa ndege kwa sababu ya usalama, na kuandika sababu zake, hatafukuzwa, hatahamishwa wala kukatwa mshahara mpaka mkaguzi wa Mamlaka amekwisha kuitazama ndege hiyo mwenyewe. Nakala ya kila kukataa ipelekwe kwa Mamlaka na kwa chama cha wafanyakazi siku hiyohiyo. Chama cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, COTWU, chaweza kulidai jambo hili katika mazungumzo yake na waajiri bila kungoja sheria mpya ya Bunge, na twakiomba kianze na shirika la taifa, kwa kuwa mwajiri huyo ni sisi wenyewe.